Kosa Dogo Kuliko Yote

Chai ya Mpimaji ilikuwa lazima ipoe mpaka iote ngozi juu, ndipo anyanyue kikombe. Pengine kwenu hilo si jambo la kusimuliwa. Lakini sisi ni watu wa Kapkatet, tumezaliwa na kulelewa katikati ya majani chai, na kwetu chai isiyochoma ulimi ni kumtukana mgeni. Ukionekana unapuliza kikombe, mwenye nyumba anakuhurumia kimoyomoyo. Huyu hata hakupuliza. Aliweka kikombe mezani, akakunja mikono, akakitazama kama anayesubiri ng'ombe amalize kunywa maji. Wake za majirani walishindwa kuvumilia.

"Sasa mimi nilichemsha hii chai ya nini?" mmoja wao alimuuliza mbele yangu.

"Mama, wewe chemsha tu," alimjibu. "Mimi niko na macho imeona koo ya watu. Wacha ipoe."

Hakuna aliyemdadisi zaidi, maana ugonjwa wa koo kwetu haukuwa hadithi ya mbali. Mtu anaanza kuusukuma ugali kwa maji, halafu anauacha ugali anabaki na uji, halafu uji nao unarudi, halafu anatembea na kitambaa cha kutemea mate. Ulichukua wazee, na ulichukua watu ambao bado walikuwa na watoto mgongoni. Tuliutaja kwa sauti ya chini, kisha tukaendelea kunywa chai ikifuka moshi. Sijui kama chai ndiyo yenye makosa. Yeye mwenyewe hakuwahi kuapa. Alisema tu kwamba kati ya kungoja na kutongoja, yeye angengoja.

Tulimwita Mpimaji kwa sababu jina la kazi yake halikukaa kichwani mwa mtu. Alikuwa mtumishi katika hospitali moja ya Nairobi, kwenye kitengo cha kuchoma uvimbe kwa miale, na nyumbani alikuja mwisho wa mwezi au akiwa likizoni. Daktari hakuwa, wala hakujifanya. Daktari alisema uchomwe wapi. Mpimaji alichukua umbo la mwili wako, akaliingiza kwenye kompyuta, ndipo ikajulikana miale ipite njia gani na isiguse nini. Watu waliposikia "mpimaji" walidhani ni wa mashamba. Ndugu wawili waliokuwa wanagombania mpaka karibu na mto walimjia asubuhi wakiwa na kamba, vigingi na jogoo wa shukrani. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kwa sababu hakuwa mtu wa kumkata mtu maneno, kisha akawarudishia jogoo wao.

"Mimi napima watu," akasema. "Shamba haipumui. Hiyo ni kazi rahisi, tafuteni mtu yake."

Na kweli, ungeliona shamba lake mwenyewe, usingempa kigingi ashike. Ua wake ulipinda mpaka mbuzi wa jirani walishindwa kujua wako upande gani. Mistari yake ya mahindi ilikwenda kama nyayo za mtu aliyetoka kwenye pombe, ilhali yeye pombe hakuigusa. Mkewe alipomwambia apande kwa kamba kama watu wengine, alisema amechoka na mistari, mistari aliiacha Nairobi. Kanisani alichelewa kila Jumapili. Ukimuuliza ng'ombe wake atazaa lini, alikujibu, "Akiwa tayari." Mtu ambaye mkate wake ulitokana na nusu milimita hakujua umri wa ndama wake.

Urafiki wetu ulianza kwa ugomvi. Mimi ni karani wa kituo cha majani chai. Wakulima huleta majani yao mchana, nayaning'iniza kwenye mizani ya ndoano, nasoma kilo kwa sauti ili kila mtu asikie, nakata ya gunia, nakata ya maji kama majani yamelowa, kisha tunangoja lori la kiwanda. Kazi hii haina rafiki. Siku moja akaja Mpimaji na gunia la mkewe, akaitazama mizani yangu kwa muda mrefu, akaniuliza mbele ya foleni nzima:

"Karani, hii mizani yako inadanganya wapi?"

Damu ilinipanda. Foleni ikacheka na kupiga makofi. Nilimwambia kama anataka kuniita mwizi aniite mchana kweupe. Akashtuka. Akaja nyuma ya meza, akanieleza polepole kwamba hakusema mimi ndiye nadanganya.

"Kila kipimo iko na uwongo yake," alisema. "Hakuna ile haina. Kazi ya mtu ni kujua tu hiyo uwongo inakaa wapi, ndio usiweke mtu hapo."

Tukatafuta jiwe la chuma la kupimia lililokuwa likitumiwa na mwenye duka, lile lenye muhuri, tukalining'iniza peke yake, kisha pamoja na gunia zito. Ikaonekana kwamba mizani yangu ilikuwa mwaminifu kwa mzigo mzito, lakini kwa mzigo mwepesi ilipunja kidogo. Waliokuwa wakipunjika ni vikongwe waletao kikapu kimoja. Tangu siku hiyo nikawa nawaunganisha vikongwe wawili wawili, napima pamoja, kisha wanagawana. Walidhani nimeokoka.

Lazima niseme kitu kuhusu watu wetu na mizani, maana bila hicho hamtaelewa yaliyotokea baadaye. Mkulima wa chai anajua mizani kuliko anavyojua Zaburi. Anajua kwamba majani yaliyolowa yanaongeza uzito. Kwa hiyo hata siku za jua kali utaona gunia linachuruzika, limenyeshewa na mvua ambayo haikufika kwa jirani. Ukimuuliza mwenyewe, anatazama mbinguni. Wengine huficha mashina magumu katikati. Hatuoni kama ni dhambi hasa. Kipimo kipo, na wewe upo, na kila mmoja anamjaribu mwenzake. Mimi nakata, wao wanacheka, kesho tunaanza upya.

Mpimaji hakucheka mambo hayo. Si kwamba alikuwa mkali. Alikuwa kama mtu asiyeisikia sehemu fulani ya wimbo. Neno "kama" hakulipenda, wala "karibu", wala "kidogo". Ukisema kiasi kidogo, aliuliza kidogo ni ngapi. Watoto walimchokoza barabarani, "Chamgei, Mzee Milimita!" naye aliwaitikia kwa heshima zote kana kwamba wamemwamkia vizuri.

Jambo lililowaudhi watu zaidi ni foleni. Mjue, ukiwa na mtu wenu ndani ya ofisi, hata ofisi ya mihuri tu, unatarajia mlango ufunguke. Na huyu alikuwa ndani ya hospitali ambamo watu walikuwa wakingoja mashine miezi. Watu kutoka Soin, Kapsoit na Bomet walifika kwake na barua za wachungaji. Hakumsogeza mtu yeyote. "Nikivuta mmoja mbele, kuna mtu nimesukuma nyuma, na sijui sura yake," ndivyo alivyosema. Wakarudi nyumbani wakimlaani. Damu nzito kuliko maji, walisema, lakini ya huyu imechanganywa maji.

Na papo hapo, chumba chake cha kupanga huko Nairobi kilikuwa kimejaa watu hao hao. Nilikiona. Kitanda kimelaliwa na mama mgonjwa wa Bomet na binti yake, kochi limelaliwa na mzee mfanyakazi wa shamba kubwa la chai, mtu wa upande wa ziwa ambaye hata hawakujuana kabla, na Mpimaji mwenyewe analala chini karibu na jiko, amejifunika koti. Aliwapikia uji asubuhi kabla ya kwenda kazini. Angewapa kila kitu isipokuwa nafasi ya mtu mwingine. Sikuwahi kumwelewa kwa hilo, na kusema kweli kuna miaka nilimchukia kwa hilo.

Kwa sababu mtu wa foleni alikuja kuwa dada yangu.

Dada ndiye aliyenilea. Mama yetu alipokufa, yeye ndiye aliyenifunga kanga mgongoni na kwenda nami shambani, akichuna majani huku mimi nimelala. Alikuwa na mikono myepesi, na ulimi mwepesi zaidi. Aliolewa ng'ambo ya bonde, akapata watoto wanne, na kila siku alileta majani kwenye kituo changu akijidai hanijui. "Karani," angesema, "usinikatie kwa chuki." Katikati ya miaka ya tisini, mwaka ambao mvua ilikataa kuisha, akaanza kusukuma ugali kwa maji. Sikuhitaji daktari aniambie. Hospitali ya wilaya ilitutuma Nairobi, na Nairobi wakatuelekeza kwa jirani yetu.

Huko alikuwa mtu mwingine. Ule ulegevu wa Kapkatet haukuwepo. Alimwamkia dada kwa heshima, akamwita mama, lakini hakuuliza habari za nyumbani. Muuguzi alimlaza dada kitandani kifua wazi, akamsitiri kwa shuka hadi tumboni. Mpimaji akaleta waya mzito laini, wa aina inayokunjika na kubaki ilivyokunjwa. Akaulaza juu ya kifua kutoka ubavu hadi ubavu, akaubonyeza taratibu mpaka ukashika ngozi kila mahali, kisha akauinua kwa mikono miwili kama mtu anayebeba yai bovu asilitikise. Akauweka juu ya karatasi na kupitisha penseli kwa ndani. Huo ndio ulikuwa mwili wa dada yangu: mstari mmoja kwenye karatasi.

Aliniruhusu nimfuate hadi mlangoni pa chumba cha pili. Ndipo nikauona ule ubao. Ulikuwa mpana kama meza ya kulia, mweupe, ndani yake mna nyaya zisizoonekana, na juu yake kifaa kidogo cha kushika mkononi chenye kioo na alama ya msalaba. Ukikipitisha kifaa hicho juu ya mstari, ubao unajua kilipo, na mstari unaingia kwenye kompyuta. Lakini hakuanza na mstari wa dada. Alichukua kwanza kipande cha chuma cha mraba ambacho vipimo vyake vilijulikana, akakifuata pembe hadi pembe katikati ya ubao, akasoma kompyuta imeona nini. Kisha akakifuata tena kwenye kona. Kona moja ya juu ilikuwa imebandikwa utepe mwekundu.

"Hiyo kona inadanganya," akasema bila kugeuka. "Inafupisha. Kila asubuhi naiuliza, na kila asubuhi inadanganya vile vile. Hapo siweki mtu."

Nilifurahi. Naona aibu kidogo kusema nilivyofurahi. Nilimwambia dada kwamba ametua kwa mtu anayeiuliza meza yake kila asubuhi kama imelala vizuri, kwa hiyo asiwe na wasiwasi. Dada akasema mwanamume anayeuliza meza hivyo, mkewe je, huulizwa na nani?

Wiki hiyo hiyo mashine ya kuchomea ikaharibika. Kipuri kilitakiwa kutoka ng'ambo. Tuliambiwa turudi nyumbani tungoje. Mpimaji alitusindikiza hadi langoni, akamwambia dada maneno ambayo sijamsamehe aliyeyaumba, yeyote awaye: "Mama, kula. Usipungue. Ile laini nimechora ni yako ukiwa hivi ulivyo leo."

Kula! Mtu ambaye koo limefungwa. Lakini tulijaribu. Tulimpa mursik, maziwa yetu ya mgando, kwa kijiko, maziwa yaliyopigwa na yai, mchuzi wa mifupa uliochujwa kwa kitambaa. Nusu ilirudi. Mumewe, mtu mpole asiyekuwa na maneno mengi, alikaa karibu na jiko akichochea uji ambao hakuna aliyeunywa. Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo tulivyofundishwa shuleni, lakini kwa dada kibaba kilikuwa na tundu chini. Nilimwona akiyeyuka, na sikuwa na la kufanya. Sijui neno jingine la kusema hapa. Sikuwa na la kufanya.

Jioni moja, lori likiwa limeshaondoka na kituo kitupu, dada alikuja peke yake akijishikiza kwenye ua wa kituo. Alikuwa amevaa sweta juu ya sweta, na sikushangaa kwa sababu ukungu ulikuwa umeshuka. Akafunga gunia kwenye ndoano ya mizani kama bembea, akaketi ndani yake.

"Nipime," akasema. "Na utoe ya gunia, nisiseme umenipendelea."

"Na ya sweta?"

"Sweta ni yangu. Hiyo usitoe."

Nikasoma kilo kwa sauti, kama kawaida, ingawa hakukuwa na foleni ya kusikia. Akatikisa kichwa akiridhika. Alisema kumbe si mbaya sana, na akaniomba nisimwambie mtu. Nilikubali kwa sababu nilitaka naye aridhike.

Mpimaji alipokuja likizoni ndiye aliyeleta habari kwamba mashine imepona na jina la dada liko juu. Alifika nyumbani kwao, akapewa chai, akaitazama ikipoa. Dada akaketi mbele yake wima, amevalia vizuri, akazungumza na kutania. Nilimwona Mpimaji akishusha pumzi. Alisema, "Mama, umekaa vizuri." Wiki iliyofuata tukaenda.

Dada alizitoa sweta moja baada ya nyingine mle chumbani, na kila moja Mpimaji alidhani ndiyo ya mwisho. Ya kijivu ilikuwa ya mumewe. Ya kahawia ilikuwa yangu. Ya chini kabisa, ya kijani, ilikuwa ya shule ya mwanawe mkubwa, na ndani yake alikuwa ameshonea vitambaa mabegani na kifuani ili ijae. Alivishonea lini sijui, maana vidole vyake vilikuwa vimekuwa vijiti. Alipotoa hiyo, hakukubaki mtu mwingi.

Mpimaji alikuwa ameukunja tena ule waya kufuata mstari wa kwanza, apate kuhakikisha. Akaulaza juu ya kifua cha dada. Waya ulimgusa mahali pawili tu, juu ya mfupa. Kwingine kote ulikuwa umesimama hewani, na mwanga wa taa ukipita chini yake.

Mpimaji aliuinua waya polepole. Kisha akauliza, si kwa hasira, "Mama, kwa nini?"

"Nilijua utanipima," dada akasema. "Kwetu majani ikikosa kilo tunamwagia maji. Karani mwenyewe alinipima na sweta, na hakukata."

Mpimaji akanitazama. "Ndugu yako ni karani mbaya," akamwambia dada, na akacheka. Ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka kwa hila ya mizani. Kicheko hakikudumu. Alivuta kigoda akaketi kando ya kitanda na waya magotini mwake.

Mimi nilianza kusihi. Nilimwambia atumie mstari wa zamani, si ameshauchora, si ubao uliukubali, si jina liko juu. Akaniambia nisikilize. Nyuma ya koo kuna uti wa mgongo, akasema. Miale imepangiwa kupita kwenye nyama nene kiasi fulani kabla ya kufika. Nyama hiyo sasa haipo, kwa hiyo itafika ndani ikiwa na nguvu kuliko ilivyopangwa. "Anaweza amka bila miguu. Siwesi fanyia yeye hivyo, karani. Siwesi." Alipochoka, Kipsigis chake kilimrudia ulimini, na hapo alikuwa amechoka sana.

"Basi uliukagua ule ubao wa nini?" nikamfokea. "Kila asubuhi, na kile chuma chako!"

Aliugeuza ule waya magotini.

"Ubao inakosea nusu milimita," akasema. "Hiyo naweza shika. Mkono yangu nikifuata laini inakosea zaidi, hiyo nashika nusu. Waya nikiinua inajinyoosha, inakosea zaidi ya mkono. Mtu akipumua anakosea zaidi ya waya. Na kungoja..." Alionyesha kwa mkono nafasi iliyokuwa kati ya waya na dada yangu. "Mimi nimepewa kosa dogo kuliko yote, nichunge. Hizo zingine hakuna mtu ameniuliza."

Dada alimpigapiga mkono mgongoni, kama anavyobembelezwa mtoto. "Mutyo," alimwambia kwa lugha yetu. Taratibu. Yeye aliyelala kifua wazi ndiye aliyempa pole aliyevaa koti.

Akampima upya. Akauuliza ubao kwanza kwa kile chuma, hata siku hiyo, kisha akaufuata mstari mpya. Kwenye kioo cha kompyuta mistari miwili ilionekana, mmoja ndani ya mwingine, kama sufuria zinavyoingiana kabatini. Mpango mpya ulitakiwa kupita kwa daktari, na jina likarudi chini ya majina ya watu wengine waliokuwa wamengoja vile vile. Hakulisogeza. Tulilala kwake siku zote za kungoja, dada kitandani, mimi kochini, yeye karibu na jiko. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema, lakini huyu hata matumbo ya kuumia hakuwa nayo tena. Asubuhi moja dada akaniambia hataki kupimwa tena, anataka kwenda kuuona mlima wa kwao. Nikampeleka. Hakufika kwenye mashine hata siku moja.

Alikufa majani yakiwa yamechipua vizuri kuliko mwaka wowote, na wachunaji walitoka mazikoni moja kwa moja wakaenda mashambani kwa sababu majani hayangoji. Mpimaji alikuja kuzika. Alisimama nyuma, kofia mkononi. Shangazi mmoja wa upande wa mume, mama mwenye kifua cha kusema, akamgeukia mbele ya watu.

"Ni wewe ulimpima," akasema. "Ulimpima, ukampima, mpaka akaisha."

Watu waliguna. Wengine waliona ni haki yake. Nilitaka kusema kitu, na nilitaka pia asimame hapo asikie. Yeye aliinamisha kichwa, akasema "Kongoi, mama," akashukuru kana kwamba amekaribishwa chakula. Baada ya hapo watu wakaacha kumpelekea barua za wachungaji. Vikombe vya chai navyo vilipungua.

Mimi na yeye hatukugombana wala hatukupatana. Alipokuja na gunia la mkewe nilimpimia, akasaini, akaenda. Mara moja tu aliniuliza kama mizani bado inadanganya palepale. Nikamwambia ndiyo, palepale. Akasema afadhali, uwongo unaohama ndio mbaya.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea mwisho alipostaafu na kurudi nyumbani kabisa. Tulitarajia sasa atanyoosha ua. Hakuunyoosha. Mkewe ndiye aliyeendelea kuleta majani, na kwa muda mrefu sikumwona yeye mwenyewe. Nilisikia ana kifua. Nilisikia ni uzee. Kwetu tuna majina mengi ya kuzungukia lile moja.

Kisha siku moja ya jua, jua lile linalofanya majani yakunjike ndani ya gunia kabla lori halijafika, nikamwona anapanda njia ya kituo akisimama kila baada ya hatua chache. Wakulima walikuwa wameshaondoka. Alikuwa amevaa sweta ya kijivu, na juu yake ya buluu, na juu yake koti la sweta lenye vifungo. Jasho lilimtiririka usoni. Shingo ilisimama katikati ya kola bila kuigusa popote. Mimi kazi yangu ni kukisia kilo kabla mizani haijasema, na nilikisia.

"Baridi, Mzee?" nikamuuliza, kwa sababu ilibidi niulize kitu.

"Kidogo," akasema.

Kidogo! Mtu yule. Nikamvutia benchi. Nikatoa chupa yangu ya chai nikammiminia, nikaweka kikombe kando yake ili kipoe. Tuliketi tukikitazama wote wawili. Ngozi iliota, ikakunjamana. Hakukigusa. Baada ya muda alitoa kitambaa mfukoni, akatema mate humo kwa adabu akiwa amegeukia upande, akakikunja, akakirudisha.

Nilimuuliza kama amekwenda Nairobi. Alisema vijana aliowafundisha wangali pale, na ubao ni mpya, wa maana sana, kona zote zinasema kweli. Nikamuuliza tena, amekwenda?

"Foleni naijua," akasema.

Nilitaka kumwambia kwamba wale vijana wake wangemsogeza, hata kama yeye hakumsogeza mtu. Nilitaka kumwambia aende, aende leo, nitampeleka mimi. Lakini nilijua angenijibu nini kuhusu yule mtu wa foleni ambaye sura yake hakuijua. Nikakaa tu. Niliumia kwa ajili yake kama nilivyoumia mle chumbani, na wakati huo huo kitu ndani yangu kilikuwa kikimwona dada akimpigapiga mkono mgongoni.

Aliinuka, akaenda mpaka kwenye mizani. Gunia tupu lilikuwa bado limening'inia kwenye ndoano. Akalikunjua, akaligeuza likawa bembea, akaketi ndani yake taratibu, mikono imeshika kamba. Miguu yake ikaachana na ardhi.

"Nipime," akasema.

Nikaja mbele ya mizani. Mshale ulikuwa umesimama pale kwenye mzigo mwepesi, pale ambapo wote wawili tulijua unapunja.

"Nakata ya gunia," nikasema. "Na sweta, Mzee? Nitoe?"

Alitazama chini kwenye mashamba, mistari yote ile ya majani imenyooka, isipokuwa yake.

"Wacha," akasema. "Leo kuwa karani mbaya."

Nikasoma kilo kwa sauti, kama ninavyowasomea wakulima, sweta zote tatu zikiwa ndani.